Ukurasa wa Majina

Mjukuu wangu Mwanajuma alivua sare ya shule siku ya Jumatano, akaikunja vizuri kama nguo ya kumpelekea mtu zawadi, akaiweka juu ya kabati na kusema harudi tena. Alikuwa kidato cha tatu. Sikumgombeza. Nilimpa chai na kiazi kitamu, nikakaa karibu naye nikichambua maharage, nikamwacha anyamaze mpaka achoke.

Alisema maharage yalipokuwa yanakwisha. Maktaba ya shule ilikuwa imepata kitabu kipya cha historia, chenye jalada la kijani, kinachoeleza njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa kwetu Tabora kwenda Ujiji. Mwalimu Pazi wa historia alikiingiza darasani, akasoma ukurasa wenye majina ambayo mateka walipewa na mabwana zao baada ya kununuliwa. Katika majina hayo lilikuwepo Mabruki. Mwalimu akapitisha macho darasani, akamwona: Mwanajuma Yahaya Mabruki.

"Kumbe mtumwa wetu tunaye hapahapa," akasema huku anacheka. "Haya, Mabruki, twaa mzigo wa bwana wako."

Akamtwika madaftari ya darasa zima ayapeleke ofisini. Waliangua kicheko mpaka darasa la jirani likachungulia. Tangu hapo mtoto hakuitwa tena jina lake. Bombani aliitwa Mzigo, kwenye foleni ya uji Mzigo, hata vitoto vya kidato cha kwanza ambavyo havikuwepo siku ile vilimwita Mzigo.

"Kitabu hicho wakikitoa, nitarudi," akaniambia. "Kikibaki, sirudi."

Mtoto huyu nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki. Baba yake, mwanangu Yahaya, anauza asali na mchele kule Kaliua, na kila akituma salamu huuliza masomo kabla ya kuuliza afya. Nilijua shule ikiona mwanafunzi hafiki humwandika mtoro, na mtoro hufutwa. Basi nikajitanda khanga, nikaenda kukitoa hicho kitabu.

Maktaba yao ni chumba kimoja mwisho wa jengo la madarasa, kina rafu za mbao na harufu ya gundi. Mwenye nayo ni Mwalimu Advera, mwanamke mrefu wa Bukoba asiyecheka ovyo. Nilimkuta anavalisha vitabu karatasi za kaki, akikunja pembe moja moja kwa kucha. Aliniamkia bila kuinua macho, nami nikaitikia, nikamweleza kilichonileta.

Akaweka gundi chini. "Umekisoma?"

"Sijakisoma, mwanangu."

"Basi huna pingamizi, mama. Una hasira."

Nilisimama pale kama mtu aliyefungiwa mlango. Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara nyingi, kwamba vitabu haviji pale kwa upepo. Mwalimu wa somo hupendekeza, kamati ya maktaba husoma, hulinganisha na mtaala, huuliza kama lugha inawafaa watoto na kama kuna kilichosemwa ovyo juu ya watu. Kitabu hiki alikipigania yeye mwenyewe, kwa sababu rafu yote ya historia ilieleza wafalme wa nchi za watu, na hapakuwa na hata kimoja kilichoeleza barabara inayopita nyuma ya shule. Halafu akaniambia habari za mwaka uliopita. Mzazi mmoja alichukizwa na kitabu cha elimu ya afya kwa wasichana, mkuu wa shule akaogopa, akamkabidhi akiondoe. Wiki hiyohiyo akaja mwingine na kingine, kisha mwingine. Mwishoni Advera alibaki na boksi tupu na rafu yenye mapengo. Ndipo kamati ikaweka utaratibu: mwenye pingamizi akae hapohapo maktabani, akisome kitabu chote, kisha aandike ni ukurasa upi, umemuudhi kwa nini, na anataka kifanyweje.

"Chote?" nikauliza.

"Chote. Ukishindwa kusoma, rudi nyumbani."

Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima, zamani, kwenye darasa la jioni la parokia ya jirani, japo sisi ni Waislamu, hawakutuuliza dini. Nasoma kwa kidole. Nikamwambia anipe nianze.

Nilikwenda kila asubuhi nikishamaliza kazi za nyumbani. Nilikaa kwenye benchi la wanafunzi, goti langu likiuma, na wao wakipita dirishani wakinong'ona Bibi Mzigo, Bibi Mzigo, wakicheka ndani ya viganja. Kuna msichana alidiriki kuingia akaniuliza kama nimekuja kuwafelisha mtihani, maana kitabu kikiondoka watasomea wapi. Advera alimwambia atoke, kisha akanitazama mimi kwa jicho lilelile alilomtazama yule msichana. Hakuniuliza hali hata siku moja. Lakini asubuhi moja nilikuta benchi langu halipo, na mahali pake pana kiti chenye mgongo, kimesogezwa dirishani penye mwanga. Yeye alikuwa amenipa kisogo, anafuta vumbi. Nilikaa, nikasema asante kwa mgongo wake, na mgongo haukujibu.

Kitabu hakikuwa nilivyodhani. Kilianza na wapagazi wa Unyamwezi, watu wa kwetu mimi, walivyoshuka pwani na pembe za ndovu mabegani na jinsi kijana asiyewahi kwenda pwani alivyoonekana bado mtoto. Kilieleza walivyofika kwa Wazaramo, wakagombana kwa maji, kwa chakula na kwa njia, mpaka matusi yakageuka mchezo, na mchezo ukageuka utani ambao tunao mpaka leo. Hapo nilicheka peke yangu. Mjomba wangu alikuwa na mtani Mzaramo aliyekuja msibani akalala ndani ya kaburi kabla ya maiti, akakataa kutoka mpaka apewe kuku.

Kisha nikafika walipo wale wengine, ambao hawakwenda kwa hiari. Waliletwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wengi walipitishwa kwenda pwani, na baadhi waliachwa hapa Tabora kulima mashamba ya watu. Nikafika ukurasa wa majina. Mabruki lilikuwepo kweli. Chini ya majina, mwandishi alikuwa ameandika mistari michache: kwamba hayo hayakuwa majina yao, kwamba walipewa na watu waliotaka wasahau walikotoka, na kwamba wajukuu zao ndio waliojenga nusu ya mji, nao hawana la kuonea aibu. Mwalimu Pazi alikuwa amesoma majina, akaishia hapo.

Nilikaa na ule ukurasa mpaka kengele ya mchana ikalia. Haukuwa na habari mpya kwangu. Marehemu mume wangu alinieleza mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, akaniomba nisiwaambie watoto, nami sikuwaambia. Mwanajuma alidhani amesingiziwa.

Nilipomaliza kitabu, Advera alinipa karatasi ya pingamizi. Niliandika kwa herufi kubwa: ukurasa wa majina, mwalimu aliusoma nusu. Palipoulizwa nataka kitabu kifanyweje, sikuandika kitu.

"Hapa umeacha wazi," akasema.

"Nitawaambia mbele yao."

"Siku zote hizi umenikalia hapa, halafu hujui unachotaka." Alichukua ile karatasi kama mtu anayeokota takataka.

Kamati ilikaa Ijumaa mchana palepale maktabani. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Shule, Mwalimu Nestory, mtu mpole anayependa mambo yaishe. Mwakilishi wa wazazi alikuwa Leodgar, mwenye mashine ya kusaga, ambaye aliniambia kabla sijakaa kwamba wazazi wenziwe wanachangia madawati na mimi nachangia fujo. Mwalimu Pazi aliitwa kwa sababu somo ni lake. Kijana nadhifu, mweupe wa meno, amekunja mikono ya shati. Nilielewa kwa nini watoto wanampenda.

Mkuu hakutaka maneno mengi. Alisema amelitafakari jambo hilo na ameona kitabu kikafungiwe ofisini kwake, kisionekane tena, na mtoto arudi darasani Jumatatu. Advera alifungua mdomo, akaufunga.

"Mpeni bibi anachotaka twende zetu," akasema Leodgar. "Mahindi ya watu yananingoja."

Na ndicho nilichotumwa. Mwanajuma alikuwa nyumbani anangoja nirudi na neno hilohilo: kitabu kimetoka. Ningesema ahsanteni, sare ingeshuka juu ya kabati jioni ileile. Nilikuwa nimekwisha kushika mkongojo wangu ninyanyuke, ndipo Mwalimu Pazi akashusha pumzi, akaegemea kiti.

"Mimi nilisema tangu mwanzo," akamwambia mkuu. "Tatizo ni kitabu."

Nikauweka mkongojo chini.

"Mwalimu," nikamwuliza, "mjukuu wangu ulimwita mtumwa wako kwa nini?"

"Utani, bibi. Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Nyie Wanyamwezi ni watani zangu tangu enzi za mababu. Darasa zima nawaita watumwa wangu, nao wananiita hivyohivyo na kunizidi. Juzi wameninyima chaki, wanasema mtumwa haandiki. Huyo mmoja tu ndiye aliyenuna."

"Mtani wako ni mimi," nikamwambia. "Mimi ni Mnyamwezi kwa baba na kwa mama. Mimi niite mtumwa hata sokoni, nami nitakwambia babu zako walivyokimbilia vichakani kila wakisikia ngoma za wapagazi wetu, wakaacha vyungu motoni, sisi tukala tukalamba na mwiko."

Leodgar alicheka, hakuweza kujizuia. Pazi naye akatabasamu, akajiandaa kunijibu, kama inavyopasa.

"Ngoja," nikasema. "Mtoto hufuata ukoo wa baba yake. Mwanajuma si Mnyamwezi."

"Ni kabila gani basi?"

Nilijua nikijibu, neno hilo halitarudi tena kinywani. Nilimfikiria marehemu, na ombi lake.

"Ni wa ukurasa huo uliousoma. Babu wa babu yake aliletwa hapa amefungwa kamba, akapewa jina hilo unalolichekea. Alikotoka hata mwanawe hakukujua. Kwa hiyo hana mtani, mwalimu. Wale wengine ukiwatukana wana la kukurudishia, nawe unalipokea. Huyu hana. Umempiga mtu aliyefungwa mikono."

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira na sauti zao zilikuja zote. Mwalimu Pazi aliteremsha mikono ya shati akafunga vifungo.

"Ningejuaje?" akasema, na utamu wote ulikuwa umemtoka. "Anaongea Kinyamwezi na wenzake. Kila mtu hapa ni Mnyamwezi. Nimuulize kila mtoto ukoo wake ndipo nimtanie?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi sitatania mtu. Nitaingia, nitafundisha, nitatoka. Mtafurahi."

Mkuu aligonga meza kwa kalamu. Alisema kamati hii ni ya vitabu, haina mamlaka juu ya mwalimu, na mwenye malalamiko ya namna hiyo aende kwingine. Leodgar akaniambia nisiwachoshe, niseme kitabu kitoke au kibaki, maana sasa nimesema mwenyewe kwamba habari hizo ni za kwetu.

"Kibaki," nikasema. "Na ukurasa huo usomwe mpaka mwisho, darasani kulekule ulikosomwa nusu."

"Kibaki, hilo naandika," akajibu mkuu. "Hilo la pili si letu. Na mtoto asipoonekana wiki ijayo, bibi, nitaandika barua ya utoro. Sheria ni moja kwa wote."

Mwalimu Pazi alitoka bila kuaga. Leodgar naye akatoka. Advera alichukua kitabu mezani, akakifuta kwa kiganja, akakirudisha kwenye rafu, na mimi akanipita kama kiti.

Nyumbani nilimweleza Mwanajuma yote, na lile la ukoo pia. Nilidhani nimempelekea kitu. Alinisikiliza amesimama, na kadiri nilivyosema ndivyo uso wake ulivyojifunga.

"Nilikutuma ukitoe," akasema. "Walikuwa wanakitoa, ukawakataza."

"Mjukuu wangu—"

"Walikuwa wanadhani tu. Sasa wana uhakika, na aliyewaambia ni wewe."

Aliingia chumbani. Jioni baba yake akapiga simu kutoka Kaliua. Habari zilikwisha kumfikia, sijui kwa nani. Hakunipa hata salamu. Aliniambia nimewavua nguo mbele za watu, kwamba hata mkewe wa sasa hakuwa analijua jambo hilo, na kwamba laiti baba yake angekuwa hai nisingethubutu. Nilimwacha amalize. Alipokata simu niliendelea kuishika sikioni.

Wiki ile tuliishi kama wapangaji wawili. Mwanajuma alipika, akanipakulia, akaenda kula nyuma ya nyumba. Kila siku alinipashia maji ya kuoga bila kunitazama, ya moto kiasi ninachopenda. Majirani walipunguza sauti nikipita. Mmoja aliniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli, akasema maskini, na mimi ningependa zaidi angenitukana. Sare ilikaa juu ya kabati. Sikuigusa. Nilihesabu moyoni kwamba nimempoteza mtoto shuleni na nyumbani kwa pamoja, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alhamisi mchana Mwalimu Advera alisimama mlangoni, na vumbi la njia miguuni. Nilimkaribisha akakataa kukaa. Akasema hakuja kwangu, amekuja kwa mwanafunzi.

"Mwanajuma ana kitabu cha hisabati cha maktaba, hakukirudisha," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani. "Watu wengine wakiacha shule huondoka na mali ya shule."

Mwanajuma alitoka kama mshale. "Nilikirudisha, mwalimu."

"Kwangu hakipo."

"Nilikirudisha. Nilikiweka mimi mwenyewe kwenye rafu, nakumbuka na mahali."

"Basi uje kesho unionyeshe. Uje na sare. Mlinzi hafungui geti kwa nguo za nyumbani." Akageuka, akaondoka. Hakuniaga.

Mimi nilijua kitabu kile kilirudi, kwa sababu tulikwenda nacho pamoja siku nilipopeleka ada yake ya mtihani wa majaribio, na huyo Advera ndiye aliyekipokea mkononi, akamrudishia akiweke rafuni. Nilitaka kusema. Nilimwona Mwanajuma anavyohema kwa hasira, nikanyamaza.

"Ananiita mwizi," akasema, si kwangu, kwa ukuta. "Mtumwa sawa. Mwizi hapana."

Asubuhi alishusha sare, akaipiga pasi kama anaiadhibu, akatoka. Nilikaa kizingitini siku nzima nikisema nafagia.

Alirudi jioni na wenzake, saa ya kutoka shule, si mapema. Akakaa karibu nami, mbali kidogo, akavua viatu. Yaliyotokea alinieleza kidogo kidogo, mengine wakati wa kula, mengine akiwa ananikanda goti. Kitabu cha hisabati kilikuwa palepale aliposema. Mwalimu Advera alikitazama, akasimama mbele ya wanafunzi wote waliokuwemo maktabani akasema, "Nimekusingizia, Mwanajuma. Nisamehe, kosa ni langu." Akalisema kwa sauti kubwa, watoto wakainua vichwa. Halafu akamwambia kwa kuwa amekwisha kufika, akae, na akamwekea mbele kile kitabu cha kijani, akaenda zake kuvalisha vitabu kaki.

"Ukakisoma?" nikauliza.

"Ule ukurasa. Halafu wa nyuma yake, halafu wa nyuma yake."

Kipindi cha historia alikwenda darasani. Alipopita, mtu wa nyuma alisema Mzigo, wawili watatu wakacheka. Mwalimu Pazi aliingia, hakutania mtu, akaita majina haraka haraka akitazama dirisha, akaruka la Mwanajuma. Mwanajuma alisimama. Alisema alishika dawati kwa mikono miwili. Akamwambia mwalimu kuna jina hajaliita.

"Akaliita?"

"Alirudi kwanza kwenye orodha. Halafu akaliita. Lote." Alikanda goti langu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Hakunitazama, lakini aliliita lote. Nikaitika, nikakaa."

"Na wale wa nyuma, waliokuita Mzigo?"

"Wataniita tu, bibi. Jumatatu wataniita tena." Akahamishia mikono upande wa pili wa goti. "Mimi bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Yule Mwalimu Advera naye ni msahaulifu. Kitabu kiko mbele ya macho yake, anakuja mpaka huku kwa miguu, jua lote lile."

Nilimwambia labda ana mambo mengi kichwani. Akasema labda, akaniteremshia khanga gotini, akaenda kufua shati la sare ili likauke kabla ya Jumatatu.